Zamu ya Mama Somoe Ilikuwa ya Mwisho

Kwenye basi la kusini

"Wakishapuliziwa mashamba yao, nini kitawarudisha kwenye shamba la huyo mama?"

Aliyeniuliza ni abiria mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa akimenya karanga na kuyaweka maganda kwenye upindo wa kanga yake. Basi lilikuwa limesimama Nangurukuru, dereva anakula, na kwa jinsi alivyokuwa akikoroga mchuzi ilionekana hana haraka na mtu. Nilikuwa nimetoka kumweleza mama yule, kwa kujiamini kabisa, kwamba naenda Nachingwea kujiunga na kikundi cha kupulizia mikorosho, kwamba kikundi kinazunguka shamba kwa shamba la kila mwanachama, na kwamba kiongozi wake amejiweka wa mwisho.

Nikamwambia wamekubaliana.

"Mimi nimezaliwa kwenye korosho," akasema. "Kukubaliana nimekuona. Haya, chukua karanga."

Wengi wenu mmeniuliza ilikuwaje huko, na kila mmoja nimemjibu nusu. Naandika mara moja, mgawane.

Somoe mnamjua, tulikaa chumba kimoja chuoni. Mama yake ana shamba nje kidogo ya mji wa Ruangwa. Mwaka jana kikundi alichokuwa nacho kilisambaratika kabla ya kufika kwake. Kila aliyepata huduma aliota homa ya ghafla au mgeni wa ghafla. Maua ya Mama Somoe yakaingiwa ubwiriunga, ule ugonjwa unaolivisha ua vumbi jeupe mpaka linakauka likiwa bado tawini. Alivuna kidogo sana, na mdogo wake Somoe, Mwajuma, akakaa nyumbani mwaka mzima badala ya kwenda chuo cha ualimu. Mwaka huu mama alikusanya watu wapya. Somoe alikuwa aende kusaidia, kazini wakamnyima ruhusa, akaniomba niwe mkono wake. Mimi tangu tuhitimu nilikuwa nakaa Morogoro nikibishana na redio.

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Mnakumbuka ile ngazi aliyotuchorea mwalimu wa uongozi ubaoni? Kikundi huundwa, kisha huvurugana, kisha huelewana, kisha hutenda, mwisho huachana. Na pembeni mwa kila hatua aina ya kiongozi anayefaa: wa kuamuru, wa kushawishi, wa kushirikisha, wa kuwaachia watu kazi. Nilimuuliza siku ile ni kikundi gani alichokiona kwa macho yake kikipanda ngazi hiyo. Akasema swali hilo halitatoka kwenye mtihani. Basi nilitaka kwenda kuona mwenyewe. Nilitegemea kurudi na ushahidi kwamba ngazi ni uongo.

Nachingwea: siku bila maswali

Mama Somoe alinipokea stendi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, anayetembea kama aliyeachwa na gari. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku tayari ameshachukua begi langu.

"Wewe ndiye Rehema unayeuliza sana."

"Somoe kakwambia?"

"Hilo tayari moja."

Tulilala kwa Daudi, pembezoni mwa mji, maana shamba lake ndilo lilikuwa la kwanza. Daudi ni Mngoni aliyezaliwa hapohapo Nachingwea. Babu yake alikuja kutoka Songea kutafuta kazi za mashamba ya karanga enzi za mkoloni na hakurudi. Ni mrefu, ana sauti ya mtangazaji wa mpira. Tulikuwa na Bakari pia, Mmwera wa Mnero, mtu mnene, mpole wa sura, na Dada Hawa wa Lionja, mjane mwenye umri kama wa Mama Somoe aliyekuja na panga lake mwenyewe kwa sababu haamini mapanga ya watu. Pamoja na mimi na mama, ndio kikundi kizima. Wote watatu hawakuwahi kufanya kazi pamoja, na Dada Hawa hakuwahi kugusa mashine.

Kwa msiojua: salfa ni unga wa njano. Unawekwa kwenye mashine yenye injini ya petroli inayobebwa mgongoni, halafu bomba lake linaurusha unga juu mpaka kwenye maua. Lazima upuliziwe alfajiri, umande ukiwa bado upo ili unga ushike, na upepo ukiwa haujaamka. Upepo ukishaamka, unapulizia hewa.

Mama Somoe alitupanga mstari uani kama askari. Huyu atabeba, huyu atajaza, huyu atafyeka matawi ya chini. Kitambaa puani, miwani machoni, hakuna kula na mikono ya salfa. Daudi na Bakari mashine moja, kwa kupokezana.

"Kwa nini hao wawili?" nikauliza.

"Shika ndoo."

"Lakini kwa nini wasi..."

"Mwanangu, leo hakuna swali. Mashine ikiwaka, hakuna kusimama mpaka nitakaposema mimi simameni. Mmenisikia?"

Wakasema wamesikia. Mimi nilikasirika. Nilijiambia huyu mama ni mkuu wa gereza aliyekosa gereza, na kwamba kama ndivyo alivyoongoza mwaka jana, sishangai walikimbia. Lakini asubuhi yake nilimwaga salfa nje ya tangi kwa sababu nilikuwa nikifikiria hoja badala ya kutazama mdomo wa tangi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ndoo chini. Inama. Mimina," kama anamfundisha mtoto kutawadha, na mara ya pili nikamimina vizuri. Shamba la Daudi likaisha vizuri. Jioni mkewe akatupikia ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, na tukala kila mtu kimya, kama abiria wa basi moja.

Mnero: siku waliyoheshimiana

Ukimya haukudumu. Kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo kilichotubeba na mashine na magunia ya salfa kuelekea Mnero, Daudi alianza.

"Bakari, kwenu si ndiko babu zangu walikokuta masufuria jikoni, wenyewe mko porini?"

"Masufuria tuliwaachia kusudi," Bakari akajibu bila kugeuza shingo. "Tulijua mna njaa. Mngoni hata vita anakwendea chakula."

"Mwacheni, huyo alikimbia tumbo likiwa mbele."

"Na nyie mmekuja kuteka, mmeishia kulima karanga za mzungu."

Iliendelea hivyo njia nzima, na asubuhi shambani kwa Bakari ikaendelea juu ya kelele ya injini. Daudi alinyakua kofia ya Bakari, akavaa mwenyewe, akasema ni mali ya ukoo. Bakari alikunywa uji wa Daudi wote, akasema ni fidia ya vita. Mimi najua utani wa makabila, kwetu Waluguru tunao. Lakini kwetu mtu hutania msibani, akacheka, akaenda nyumbani. Sikuwahi kuona watu wakishinda ndani yake kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, na mengine yalikuwa makali. Nikamwendea Mama Somoe jikoni kwa mke wa Bakari.

"Mama, hawa wawili tuwatenganishe. Wanavurugana."

"Nani?"

"Daudi na Bakari. Unasikia wanayoambiana?"

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Akamtafsiria mke wa Bakari kwa Kimwera, naye akacheka, na mama mzee aliyekuwa akipepeta mlangoni akauliza nini, akaambiwa, akacheka yeye zaidi ya wote. Nikaondoka.

Siku iliyofuata mambo yakatulia. Nilipita na ndoo ya salfa nikamsikia Bakari akisema, "Ndugu Daudi, naomba unipitishie maji."

"Karibu, ndugu yangu," Daudi akajibu, akampa kwa mikono miwili.

Kofia ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Walipokezana mashine kwa adabu, samahani hapa, asante pale. Nilifurahi, nakiri. Nikajisemea hii ndiyo hatua ya tatu, wameelewana, na hata nikaona aibu kidogo kwamba ngazi ya mwalimu inafanya kazi. Nikampelekea Mama Somoe habari njema: leo hawajatukanana hata kidogo.

Mikono yake ilikuwa kwenye unga. Akaitoa.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Wanaitana ndugu."

Alinawa, akajifunga kanga upya, akatoka bila kufunika sufuria. Mke wa Bakari akamtazama mgongo, akanitazama mimi, akafunika yeye.

Aliwakuta wanakunja bomba. Hakuwauliza kuna nini. Alisema, "Twendeni tukatembee," na tukamfuata wote mpaka mwisho wa shamba, upande wa barabara ya misheni. Bakari alikuwa nyuma kabisa. Tulipofika mistari ya mwisho ya mikorosho, Mama Somoe alivuta tawi, akatazama chini ya maua, akavuta jingine. Sote tuliona. Unga wa njano uliokuwa umetanda shambani kote haukuwepo hapa. Majani yalikuwa safi kama yameoshwa.

"Bakari, sema," akasema.

"Sina neno, mama."

"Una neno tangu jana. Sema, chakula kinapoa."

Bakari alitazama miti. "Kwake alipuliza mpaka mkorosho wa uani, ule usiozaa. Kwangu amekimbia. Mtu akishapata lake hukimbia. Sikutaka kusema kwa sababu tukio kama hili wote tunalijua linaishaje."

Hapo nikamkumbuka mama wa karanga wa Nangurukuru. Nilitazama uso wa Mama Somoe, nikaona naye kakumbuka kitu, na hakikuwa karanga.

"Daudi."

Daudi alikuwa amevua miwani. Ile sauti ya mpira haikuwepo. "Upepo uliingia jana tukiwa hapa. Niliuona. Unga ulikuwa unakwenda barabarani. Lakini ulisema mashine ikiwaka hakuna kusimama mpaka useme wewe. Wewe ulikuwa jikoni. Nikaendelea."

Dada Hawa, aliyekuwa hajasema neno tangu Nachingwea, akasema, "Ni kweli alisema hivyo."

Nilisubiri mama ajitetee. Mimi ningejitetea. Ningesema mtu mzima hutumia akili. Yeye alichuma jani, akalikunja, akalitupa.

"Basi amri ile ilikuwa ya Nachingwea," akasema. "Kule hamkujua upepo ni nini. Sasa mnajua kuliko mimi niliye jikoni. Kuanzia kesho anayebeba mashine ndiye anayesema upepo umeingia, na akisema, tunasimama wote, hata nikiwa mimi natoa macho. Mnaonaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kutuuliza tunaonaje. Tukaanza kuongea wote kwa pamoja. Daudi akasema miti ile irudiwe kesho alfajiri, na ataibeba mashine yeye. Dada Hawa akasema kurudia kutatuchelewesha Lionja. Wakati huohuo simu ya mama ikalia. Alikuwa Mwajuma, anapiga kutoka Ruangwa, na kwa kuwa mama husikiliza simu kwa sauti ya kijiji kizima, sote tulisikia.

"Mama, maua ya upande wa juu yamefunguka. Na asubuhi kuna ukungu."

Ukungu na maua mapya ndivyo ubwiriunga unavyopenda. Hata mimi nilishajua hilo.

"Sawa mwanangu," akasema mama, akakata. Akatutazama. "Tunarudia hapa kesho. Lionja watasubiri."

Hakuna aliyesema na Ruangwa je.

Usoni mwa Bakari kulikuwa na kitu kinapigana. Mwishowe akamgeukia Daudi. "Ila kesho usilete pumzi zako za karanga. Mti wenyewe utakauka."

"Nipe kofia yangu," akasema Daudi.

Mama Somoe akarudi jikoni akitembea polepole. Ndipo nilipoelewa kwa nini aliwaweka mashine moja tangu siku ya kwanza. Watani hawawezi kuficha. Wakigombana kweli, utani wao wa kila siku unakatika, na mtu aliye jikoni anasikia.

Lionja: ming'oko

Lionja nyumbani kwa Dada Hawa tulipokewa na mama yake, bibi wa Kimakua mwenye Kiswahili kichache na mikono mingi. Aliniletea sahani ya vitu virefu vyembamba vilivyochemshwa, nikadhani mihogo midogo, nikatafuna na maganda yake. Bibi akanitazama kwa huruma kubwa. Akachukua kimoja, akakiminya kwa vidole viwili, nyama ikatoka nyeupe, akaniwekea mkononi kama mtu anayelisha mgonjwa. Ndiyo ming'oko, inachimbwa porini, na kwa ladha ingestahili kuimbwa. Tangu hapo kila nilipokaa alikuja kuniminyia. Nilimwambia najua sasa. Alitikisa kichwa na kuendelea kuminya. Hakukubali kwamba msomi wa Morogoro anajua.

Kazi ya Lionja ilikuwa nzuri kuitazama. Shamba la Dada Hawa linashuka kwenye bonde, na Mama Somoe alikuwa amepanga tuanze juu. Usiku wa kuamkia kazi Dada Hawa akasema, kwa aibu, kwamba bondeni umande hukaa zaidi lakini upepo hutangulia, unapanda kutoka mtoni. Afadhali tuanze chini.

"Wewe ndiye unalijua," akasema mama. "Tuanze chini."

Akaenda kulala. Nilimfuata nikiwa na taa ya simu.

"Mama, Nachingwea ulituamrisha hata kukohoa. Mnero ukatushawishi. Hapa unatuuliza. Wewe ni yupi?"

"Nachingwea mlikuwa mnajua nini?"

"Hakuna."

"Sasa ningewauliza nini?" Akavuta shuka. "Zima taa, inavuta mbu."

Nilibaki nimekaa kizingitini. Mwalimu wetu alifundisha aina nne za viongozi kana kwamba ni watu wanne. Huyu alikuwa mmoja, na hakuwahi kusoma ngazi yoyote. Nilijaribu kutafuta kasoro. Nikasema labda ni bahati. Lakini asubuhi Dada Hawa alibeba mashine kwa mara ya kwanza, mdogo vile chini ya lile tangi, na alipoinua mkono kusema upepo umeingia, Daudi na Bakari walisimama katikati ya tusi. Mama Somoe alikuwa mbali anafyeka, hakuinua hata kichwa. Hiyo sikuweza kuiita bahati.

Kitu kimoja nitampinga mwalimu hata leo. Ngazi huipandi mara moja. Siku mashine ilipotiwa petroli isiyochanganywa oili na ikaanza kukohoa, tulirudi kule Nachingwea kwa dakika chache: mama akawa mkuu wa gereza, sisi tukawa askari, hakuna swali. Ilipotengenea, akatuachia tena. Alipanda na kushuka kama anavyopanda na kushuka njia ya Lionja, bila kusema sasa napanda, sasa nashuka.

Jioni ya mwisho bibi alichinja kuku. Shamba la Daudi lilikuwa limekwisha, la Bakari limekwisha, la Dada Hawa limekwisha. Lilibaki moja. Wote tulikuwa tunalifikiria na hakuna aliyelitaja, hata Daudi. Nilisubiri mama aseme kitu: awakumbushe makubaliano, aombe, aape, alie hata. Mwaka wa mwanawe ulikuwa umekaa pale kwenye sahani ya kuku.

Alinawa mikono, akasema, "Mimi natangulia Ruangwa na bodaboda. Mashine yenu hiyo. Njia mnaijua."

Akaondoka bila kuuliza nani atakuja.

Njia ya Ruangwa

Kirikuu kiliahidiwa alfajiri, kikaja jua limeshapanda, na kabla ya kufika barabara kubwa kikapasua tairi. Hakikuwa na tairi la akiba. Dereva alipanda pikipiki ya mtu, akaenda kutafuta, akatuacha kando ya shamba la ufuta uliokwishavunwa, magunia ya salfa juu ya majani.

Niseme ukweli, hapo ndipo moyo wangu ulikuwa mwembamba. Kila kitu kilikuwa kinasema rudini. Pikipiki za kwenda Nachingwea zilipita mara kwa mara, na moja ilisimama kabisa. Dereva alimfahamu Daudi. Akamwambia panda, nakupeleka mpaka kwako bure, mkeo anakuulizia.

Daudi alitazama pikipiki. Akatazama tairi.

"Bakari," akasema, "nikiondoka nani atakubebea hiyo mashine? Wewe na tumbo hilo mtaibeba kwa mgongo gani?"

"Nenda," akasema Bakari. "Nitasimulia Ruangwa nzima kwamba Mngoni alikimbia safari hii. Nimesubiri miaka mingi kulisema hilo."

"Umesikia?" Daudi akamwambia mwenye pikipiki. "Siwezi. Watalisimulia kwa wajukuu."

Pikipiki ikaondoka. Dada Hawa alikuwa ameshakaa juu ya gunia, anakata muhogo mbichi, akatugawia. Nilimuuliza yeye kwa nini haendi nyumbani, kwake ni karibu. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini ana mikono.

"Alinipa mashine," akasema.

Nikamwambia sielewi.

"Miaka yote mimi nafyeka tu. Kila kikundi, Hawa fyeka. Huyu kanipa mashine shambani kwangu mwenyewe." Akasukuma kipande cha muhogo mkononi mwangu. "Kula, wewe huli."

Tairi lilifika jua likiinama.

Ruangwa: asubuhi bila kiongozi

Tulilala kwa mama, lakini tulipoamka hakuwepo. Mwajuma alitupa uji na kusema mama amekwenda mashineni kusaga muhogo, atachelewa, tuanze tu.

"Kusaga saa hizi?" nikasema.

"Amesema muanze."

Nilikasirika kwa niaba yake. Shamba lake mwenyewe, siku yake, maua yamefunguka, ukungu umekaa kwenye majani kama pamba, naye anasaga unga. Nani ataonyesha mipaka? Nani atapanga mistari? Nilifungua mdomo nijitolee, nikakuta hakuna anayenitazama. Dada Hawa alikuwa ameshazunguka shamba na kurudi. Akasema tuanze juu, ndiko maua yamefunguka, kisha tushuke na ukungu. Bakari akamwonyesha Mwajuma kujaza tangi. "Ndoo chini. Inama. Mimina." Daudi akavuta kamba, injini ikalia, na wingu la njano likapanda.

Sijui niwaeleze vipi. Hakuna aliyesema fanya hivi. Mashine ilipopungua sauti kidogo tu, ndoo ilikuwa tayari imefika. Nilijikuta nakimbia mahali ambapo nitahitajika kabla sijajua kwamba nahitajika. Mimi, ninayehoji hata saa ya ukutani, sikuuliza swali lolote mpaka mstari wa katikati.

Hapo mashine ikazima.

Daudi alivuta kamba, ikakohoa. Akavuta tena, haikukohoa. Shamba zima likawa kimya na upepo ulikuwa bado haujaja, lakini mashariki kulikuwa kunaiva. Bakari alipiga magoti, akafungua plagi, akaifuta kwa shati lake, akaipuliza, akairudisha. Ikakataa. Akaitoa tena. Mwajuma alikuwa ameshika ndoo kwa mikono yote miwili. Dada Hawa alimwambia weka chini mwanangu, itakuchosha.

"Vuta," akasema Bakari.

Daudi akavuta. Kimya.

"Vuta kama Mngoni basi, unavuta kama mkwe."

Daudi akacheka, akavuta akiwa anacheka, na mashine ikanguruma.

Tulimaliza mkorosho wa mwisho majani yakiwa yameanza tu kutikisika. Dada Hawa aliinua mkono, upepo umeingia, na hakukuwa na mti uliobaki. Tulikaa chini palepale, wa njano wote kama vifaranga. Ndipo Mama Somoe alipotokea njiani na ndoo ya unga kichwani. Alipita mstari kwa mstari akigeuza majani, mpaka mwisho wa shamba, akarudi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini salfa hufanya hivyo.

"Mmekula?" akauliza.

Kurudi

Tuliagana stendi ya Ruangwa. Bakari alimwibia Daudi ile kofia mara ya mwisho na kupanda nayo gari la Nachingwea, Daudi akimfuata na kulaani ukoo mzima. Dada Hawa alinipa ming'oko kwenye mfuko, na ujumbe wa mama yake kwamba niiminye. Basi langu lilichelewa kuondoka, likaharibika kabla ya Lindi, na tukakaa kwenye kibanda cha chai mpaka nikajua majina ya watoto wa mwenye kibanda. Sikujali sana. Nilikuwa nabishana na mwalimu wangu kichwani, na kwa mara ya kwanza nilimwachia ashinde baadhi.

Jambo moja sikulijua mpaka msimu wa korosho ulipokwisha na Mwajuma ameshapokelewa chuoni. Somoe alikuja Morogoro, akanisimulia tukiwa tunakula. Asubuhi ile mama yake hakwenda mashineni. Unga ulisagwa siku iliyotangulia. Alikuwa kwa jirani, nyuma ya uzio wa shamba lake, amekaa jikoni na ndoo miguuni, anasikiliza. Mashine ilipozima alisimama, akavaa ndala, akashika mlango. Jirani akamwambia nenda basi. Hakwenda. Alisimama pale ameshika mlango mpaka iliponguruma tena, kisha akavua ndala, akakaa.